Matawi Mbele ya Lori

Simu ya Sahal iliita mfukoni akiwa ameketi sebuleni kwake Kitengela, kikombe cha chai mkononi. Alipoitazama, akaona jina la mkewe, Khadijo. Akashangaa, maana Khadijo alikuwa jikoni na vitunguu vilisikika vikikaangwa. Akapokea.

"Aabo?"

Ilikuwa sauti ya Samsam, binti yao wa miaka mitano. Tangu ajue kusema alimwita babake Aabo na mamake Hooyo, kama watoto wote wa Kisomali. Lakini leo alikuwa ananong'ona.

"Naam, Samsam."

"Uko wapi?"

"Niko hapa nyumbani. Sebuleni."

Pumzi ya mtoto ikasikika, nzito, kama ya mtu mwenye habari mbaya.

"Hapana. Huko kuna mtu mwingine. Alikuja na begi kubwa. Anakunywa chai na kikombe ya Hooyo."

"Huyo mtu ni mimi."

"Si wewe. Wewe unakaa kwa lori." Kisha akashusha sauti hata zaidi. "Aabo, utakuja lini umfukuze?"

Sahal aligeuka dirishani. Nyuma ya tangi la maji aliona ncha ya gauni la buluu na ndala moja ya manjano. Ilikuwa kama hatua kumi kutoka alipoketi, na bado sauti ilimfikia kwa simu, ikichelewa kidogo, vilevile ilivyomfikia kwa miaka yote hiyo. Alitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka.

"Nitakuja karibuni," akasema.

"Sawa. Lakini usiwaambie nimekupigia."

Akakata. Chai ilikuwa imepoa.

Sahal alikuwa dereva wa kampuni moja ya malori huko Kanada, na kampuni ilikuwa imempa likizo ya wiki chache, ya kwanza tangu aondoke. Alipoondoka Samsam alikuwa anatambaa. Sasa alikuwa anakimbia, tena anakimbia hasa akimwona yeye. Mwanasesere aliyemletea alikubali kumpokea kutoka mikononi mwa mamake, si kutoka mikononi mwake. Akiingia chumbani, mtoto anatoka. Kabla ya kupanda ndege tena, Sahal alitaka kitu kimoja tu: Samsam aje mwenyewe, bila kusukumwa, amwite Aabo akimtazama usoni. Hakuwa akiwaza kingine tangu ashuke.

"Usimlaumu," Khadijo alimwambia walipobaki wawili. "Yeye babake ni kama mkono huu." Akaonyesha urefu wa simu. "Na nyuma yake kuna pazia nyekundu. Sasa wewe umekuja na miguu!"

"Sasa nikate miguu?"

"Ngoja tu. Lakini ungenyoa hizo ndevu. Kwa simu hazionekani kubwa hivyo."

Ilikuwa kweli kuhusu pazia. Kila jioni ya Kitengela, ambayo kule kwake ilikuwa asubuhi, Khadijo aliiegemeza simu kwenye mkebe wa sukari na Samsam akaketi mbele yake kama anayetazama televisheni. Upande wa pili Sahal alikuwa ndani ya lori, pazia jekundu la kitanda chake nyuma ya kichwa, usukani mbele. Kwa maana lori la huko ni nyumba! Nyuma ya kiti kuna kitanda, chini ya kitanda kuna kabati, kuna friji ndogo na jiko dogo la umeme la kupashia wali. Mtu anaweza kuishi humo majuma matatu bila kuingia kwenye nyumba yoyote ila choo cha kituo cha mafuta. Na Sahal aliishi hivyo.

Hakuwa mgeni wa malori. Kabla ya Kanada aliendesha Fuso ya mjomba wake, akibeba ng'ombe na mbuzi kutoka soko la Bisil kwenda Nairobi. Nyuma, pamoja na wanyama, alisafiri Kuntai, rafiki yake Mmaasai, ambaye kazi yake ilikuwa kumwinua ng'ombe aliyeanguka kabla wenzake hawajamkanyaga. Walipiga kelele njia nzima, mmoja ndani na mwingine nje, wakibishana kupitia kidirisha cha nyuma kilichovunjika kioo. Kila lori walilokutana nalo walilipigia taa kulisalimu. Isinya waliitwa kwa majina.

Kule Kanada, wiki ya kwanza, Sahal alimpigia taa kila dereva aliyekutana naye. Madereva wakapunguza mwendo. Walidhani anawaonya kwamba mbele kuna polisi, au yule mnyama wao mkubwa kama ng'ombe mwenye mapembe mapana, anayevuka barabara bila haraka. Alipogundua hivyo, akaacha. Akajifunza kupishana na watu bila kusema kitu.

Alijifunza mengine mengi. Kwamba jina lake lingekatwa katikati, na mwanamke wa ofisini anayewapangia safari angemwita Sal, na angemjua miaka miwili kwa sauti tu kabla ya kuonana naye. Kwamba kuna kifaa kwenye dashibodi kinachohesabu saa za kuendesha, na zikiisha unalala, hata kama usingizi hauna habari nawe. Kwamba baridi ikizidi huzimi injini hata ukilala, maana dizeli huganda ikawa kama samli. Kwamba theluji ikifunika kila kitu utaswali ukiwa umeketi kitandani, uso ukielekea kaskazini mashariki, na dirisha limeganda kwa ndani kwa pumzi yako mwenyewe. Na kwamba barabara inaweza kuendelea siku nzima, miti upande huu, miti upande ule, bila mtu hata mmoja anayetembea kwa miguu. Hata mmoja! Hilo ndilo Khadijo hakulisadiki. "Sasa nani anauza ndizi?" aliuliza.

Haya yote Samsam hakuyataka sana. Yeye alitaka hadithi moja, na aliitaka kila jioni.

Hadithi ilikuwa hivi. Siku moja kaskazini mwa Ontario lori la Sahal lilikufa njiani mlimani, theluji ikianguka. Akashuka, akapanga nyuma ya trela zile pembetatu nyekundu zinazong'aa, kama alivyofunzwa na kampuni. Akasimama akazitazama. Zikaanza kufunikwa na theluji, na mikono yake haikutulia. Tangu ujana wake, lori likikwama, mikono yake ilijua kazi moja: kukata matawi na kuyalaza barabarani, mbele na nyuma, ili anayekuja aone majani na ajue kuna mtu amekwama. Basi akachukua msumeno wake mdogo, akaingia kwenye miti, theluji ikimfika magotini, akakata matawi. Akayalaza kwa mstari, vizuri kabisa. Gari la kwanza kufika likawa la polisi. Akashuka mwanamke mrefu, akayatazama matawi ya kijani juu ya theluji nyeupe, akamtazama Sahal, akayatazama tena.

"Na polisi akasema nini?" Samsam angeuliza, ingawa alijua.

"Akasema, Bwana, unapamba Krismasi barabarani?"

Hapo Samsam aliangukia kochi kwa kicheko, kila jioni, kama mara ya kwanza. "Na wewe ukasema?"

"Nikamwambia, hapana afande, mimi ni Mwislamu. Nimepamba lori."

Kitu ambacho Sahal hakuwahi kumsimulia ni mwisho wake. Polisi alimwamuru ayaondoe matawi yote, moja baada ya jingine. Kampuni ikampigia, ikamweleza kwamba hizo ni takataka barabarani, ikamrudisha kwenye somo la usalama kama mwanafunzi mgeni. Alipokuwa akiyatupa pembeni alitamani hata mtu mmoja apite, amwone, ajue yale matawi yanasema nini. Nchi nzima ile hakukuwa na wa kuyasoma.

Siku iliyofuata ile simu ya nyuma ya tangi, Sahal alinyoa ndevu. Samsam alimchungulia mlangoni akakunja uso, kana kwamba sasa wageni wamekuwa wawili. Ndipo Khadijo akapata wazo.

"Anakujua ukiwa kwa lori, si ndio? Basi toka hapa kwangu. Nenda ukae kwa lori."

Kuntai ndiye aliyekuwa na ile Fuso sasa. Aliileta mwenyewe hadi langoni, akaruka chini, akamkumbatia Sahal hadi mbavu zikalia, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, mzungu!"

"Ipa. Mzungu ni nani?"

"Wewe! Angalia ngozi vile imekuwa laini. Huko ng'ombe wanajiinua wenyewe?"

"Huko sijabeba ng'ombe. Nabeba karatasi za choo."

Kuntai alicheka mpaka akashika tairi. "Umevuka bahari ubebe karatasi za choo? Na mwalimu wetu alisema utafika mbali!"

Sahal akapanda, akafunga mlango, akatundika shuka jekundu la Kuntai nyuma ya kichwa chake. Akapiga simu ya picha. Ndani ya nyumba Khadijo aliiegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, na uso wa Samsam ukatokea, mkubwa, ukiwa na alama ya uji kidevuni. Ukang'aa.

"Aabo! Umetoa ndevu!"

"Nimetoa. Umeshinda aje?"

Wakaongea. Shule, paka wa jirani Zipporah, jino linalocheza. Yeye akiwa nje ya lango na mtoto akiwa ndani, waliongea vizuri kabisa, na Sahal akaanza kuamini. Akataka kusema, sasa njoo hapa langoni. Lakini Samsam alikuwa ameikaribia simu hadi likabaki jicho moja tu.

"Mbona usukani iko upande huo?"

Sahal akautazama usukani. Ulikuwa kulia, kama wa magari yote ya Kenya. Wa Kanada ni kushoto.

"Hiyo si lori yako," Samsam akasema polepole. "Wewe ni yule mtu!"

Kisha kelele, mkebe wa sukari ukaanguka, picha ikabaki ya dari.

Kuntai alikuwa amesimama kando ya mlango wa lori. Safari hii hakucheka. "Huyo mtoto angekuwa trafiki," akasema kwa upole, "hakuna lori ingepita hii barabara."

Sahal alibaki ameketi mule ndani muda mrefu, mikono juu ya usukani wa gari lisilokwenda popote. Watoto wa shule walipita wakigongana mabegi, mama mmoja akipita na jerikani alimsalimu. Aliona ajabu. Kanada, akiwa peke yake kabisa, alikuwa na binti kila siku. Hapa watu walikuwa kila mahali, na alikuwa na simu iliyozimwa tu.

Ikabaki wiki moja. Kuntai akahitaji mtu wa kuendesha siku ya soko la Bisil, maana mkono wake ulikuwa umeumizwa na fahali, na Khadijo akasema wote waende, yeye ana mbuzi wa kuchagua kwa ajili ya kumuaga Sahal. Samsam alikubali kwa sababu ya mbuzi. Ndani ya lori aliketi mlangoni, mamake akawa ukuta kati yake na dereva. Walipita Isinya, wakapita Kajiado, na mtoto hakugeuza shingo hata mara moja. Bisil palikuwa na vumbi na mabishano na mashuka mekundu, na wazee waliomshika Sahal mkono wakimuuliza kama kweli huko maji yanakuwa mawe. Alijibu ndiyo. Kila alipogeuka, alimkuta Samsam akimtazama kwa mbali, kisha mtoto anageuka.

Wakati wa kurudi, wamebeba mbuzi na Kuntai nyuma, walipokuwa kwenye mteremko kabla ya Kajiado, Fuso ikakohoa. Ikakohoa tena. Sahal akaivuta pembeni ilipokubali kufika, nusu kwenye lami na nusu nje, ikafa.

"Ni ile paipu ya dizeli," Kuntai akapaza sauti kutoka nyuma, katikati ya mbuzi. "Nilijua tu!"

"Ulijua na hukusema?"

"Ningesema ungekataa kuendesha!"

Kulikuwa na kona nyuma yao, na malori ya simiti hushuka kona ile kama yanawahi harusi. Sahal hakufikiri. Alivuta panga la Kuntai chini ya kiti, akaruka, akakimbilia vichaka vya pembeni. Akakata matawi ya mgunga, miiba ikimchana mikono, akayaburuta hadi kwenye lami. Akalaza la kwanza mbali, karibu na kona. La pili. La tatu. Alikwenda akiinama na kuinuka, jua mgongoni, na kwa mara ya kwanza tangu arudi mwili wake ulijua upo wapi.

Aliporudi kuchukua mengine, Samsam alikuwa amesimama kwenye majani, mamake amemshika mkono, wakiwa mbali na lami. Alikuwa anayatazama matawi. Akamtazama yeye. Akayatazama tena matawi.

"Unafanya nini?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa mtu huyu.

"Naweka matawi, ndio watu wajue tumekwama."

Mtoto alifikiri. Paji lake la uso lilikunjamana.

"Na polisi akasema nini?"

Sahal aliliweka panga chini. "Akasema, Bwana, unapamba Krismasi barabarani?"

Samsam hakucheka. Alikuwa mkali kama anayesahihisha mtihani. "Na wewe ukasema?"

"Nikamwambia, hapana afande, mimi ni Mwislamu..."

"Nimepamba lori," wakasema pamoja.

Samsam aliachia mkono wa mamake. Akaenda kichakani, akavunja kijitawi chembamba cha majani matano au sita, akaja nacho hadi aliposimama Sahal. Akiwa karibu hivyo, mtoto alinukia mbuzi na mafuta ya nazi. Akauinua uso.

"Weka na yangu, Aabo."

Lori la simiti likatokea konani wakati uleule. Dereva akaona majani, akapunguza mwendo, akahamia upande wa pili akiwapita taratibu. Akawapungia mkono.

"Ameona!" Samsam alipiga kelele. "Ameona!"

Siku zilizobaki hakumwachia. Alikula akiwa mapajani mwake, akamfuata msikitini hadi mlangoni, akamngoja nje ya choo akiongea bila kupumua. Aliomba kila kitu kielezwe upya, sasa kwa mikono na miguu. Usiku wa mwisho Sahal alikataa kufunga begi mbele yake, Khadijo akalifunga kwa siri. Asubuhi mtoto akiwa shule, akaondoka. Wote wawili waliona ni afadhali hivyo, na labda walikosea.

Siku alipoingia tena kwenye lori lake, usukani kushoto, pazia jekundu nyuma, Sahal alingoja saa ifike. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanza. Akapiga. Mkebe wa sukari ulikuwepo, akausikia ukisogezwa, kisha akatokea Khadijo peke yake.

"Hataki," akasema.

"Mwambie nimefika."

"Nimemwambia. Anasema hiyo ni simu. Anasema Aabo si simu."

Kesho yake alipiga, na siku nyingine, na wiki nyingine. Aliambiwa anacheza, anaoga, amelala. Mara moja aliona mguu wake ukipita haraka nyuma ya kochi. Siku moja, simu ikiwa wazi, aliisimulia hadithi ya matawi kwa sauti kubwa, peke yake ndani ya lori, akafika hadi kwa polisi, akangoja. Hakuna aliyeuliza.

Kisha asubuhi moja, akiwa kwenye maegesho ya kituo cha mafuta, malori yamepangwa mamia, kila moja na injini yake inayonguruma na mtu wake mmoja ndani, simu ikaita. Alikuwa Khadijo. Hakuwa ameiegemeza popote, alikuwa anatembea nayo, na lango likasikika likifunguliwa.

"Angalia hii kitu," akasema. "Zipporah amekuja kulalamika ua wake wa miti unaisha."

Akaigeuza simu. Barabara ya vumbi mbele ya nyumba yao ilikuwa na matawi. Yalikuwa madogo, ya urefu anaoweza kuvunja mtoto, yamelazwa kwa mstari kutoka langoni hadi karibu na duka, kwa nafasi sawa. Bodaboda ilikuwa inayakwepa. Mwishoni kabisa, juu ya jiwe, Samsam alikuwa ameketi na sare ya shule, mikono kidevuni, akitazama upande magari yanakotokea.

"Anafanya hivyo kila siku akitoka shule," Khadijo akasema. "Nikiyatoa, anarudisha. Nimemuuliza ni ya nini. Anasema huko mbele kuna lori imekwama, watu waende polepole."

"Mpe simu."

"Hataichukua."

"Basi usimpe. Simama hapo tu."

Khadijo akasimama. Sahal alimtazama binti yake kwa mbali, bila yeye kujua, hadi kile kifaa cha dashibodi kilipolia kwamba muda wake wa kupumzika umekwisha. Alikiacha kilie kidogo. Kisha akaweka simu kwenye kishikio chake, bado imewaka, akaingiza gia, akatoka polepole.